Viatu vya Jumamosi

Sehemu ya Tisa

Mguu uligoma kuingia.

Hapo ndipo tulipokomea, na nyote mlionitumia ujumbe wiki nzima kunilaumu kwamba nimewakatia utamu mdomoni, nimewasikia. Tulieni. Tarishi bado yupo palepale tulipomwacha, kwenye stuli ya wateja, kiatu chekundu kipya kimemkaa nusu mguu, kisigino kinaning'inia nje.

Na wewe uliyekuja leo kwa mara ya kwanza, jua haya tu. Fundi ni mshona viatu aliyefiwa na mke miaka saba iliyopita. Tarishi ni mwanamke anayepeleka barua na vifurushi kwa miguu, mlango kwa mlango, na soli zake zilizokwisha upande ndizo zilizomleta kwa Fundi. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, wanakwenda kufunga ndoa. Leo ni Alhamisi, na viatu hivi ndivyo vya harusi.

"Sukuma kidogo," alisema Fundi, amepiga goti mbele yake. "Ngozi mpya huwa na kiburi."

Tarishi akasukuma. Vidole vikajikunja, uso nao ukajikunja.

"Fundi, hiki si kiburi. Hiki kiatu ni kidogo."

"Labda mguu umevimba. Umetembea tangu asubuhi."

"Nimetembea miaka kumi na sita. Siku uliyonipima ulikuwa umevimba hivihivi."

Alikivua, akakigeuza, akapima soli yake dhidi ya unyayo wake mwenyewe. Kiatu kilipungua upana wa vidole viwili. Ndipo akauliza lile swali lililowanyima wengine wenu usingizi:

"Viatu hivi ni vya nani?"

Fundi alikipokea kiatu na kukitazama. Kisha akainua macho ukutani.

Kwenye ukuta ule kuna rafu, na kwenye rafu zimejipanga kalibu, ile miguu ya mti ambayo mshona viatu huivalisha ngozi ili kiatu kipate umbo. Kila mteja wake wa siku nyingi ana jozi yake. Lakini jozi moja haikai rafuni. Inaning'inia peke yake kwenye msumari, juu ya meza ya kazi, upande wa mkono wa kulia. Ni kalibu za marehemu mkewe.

Kalibu za Tarishi alizichonga mwenyewe mwezi uliopita, akazifunga kitambaa, akaziweka kwenye droo. Droo ile ilikuwa imefungwa. Ilikuwa imefungwa wiki nzima.

Na kalibu za kwenye msumari zilikuwa na vumbi jekundu la ngozi mpya.

Siku tatu alizokuwa akishona viatu vile alikuwa akipiga mluzi. Majirani walimsikia, wakatazamana, maana mluzi wa Fundi ulikuwa haujasikika tangu mazishi. Alikuwa na furaha, jamani, na mkono wake ukaenda kulekule ulikozoea kwenda alipokuwa na furaha. Hakuutazama. Nani hutazama mkono wake mwenyewe?

"Nimekosea kipimo," alisema.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Fundi haikufika hata hatua mbili.

"Wewe?" Tarishi alicheka kicheko kisicho na raha. "Wewe uliyenijua kwa soli kabla hujanijua uso? Uliyeniambia siku ya kwanza, 'Bibie, wewe mkoba wako unaubebea bega la kushoto na nyumbani hakuna anayekupokea'? Leo umekosea kipimo?"

Kabla hajajibu, mlango ukasukumwa.

Aliyeingia ni Shemeji. Ni mdogo wake marehemu, wa kuzaliwa tumbo moja, na kila Alhamisi tangu dada yake afe huja kufagia karakana na kumsalimu shemeji yake. Jumamosi alikuwa awe shahidi wa bwana harusi. Mkononi alikuwa na shati jeupe kwenye hanga, limepigwa pasi mpaka kola imesimama.

"Hodi ya aliyekwisha ingia! Bwana harusi, shati lako hili, usilikalie." Akaiona ile jozi sakafuni. "Haa! Ndivyo vyenyewe? Jamani, hivi ni viatu au ni keki?"

"Shemeji, viache," alisema Fundi.

Lakini mwanamke gani ataambiwa viache? Alikwisha vua ndala. Mguu ukaingia ndani ya kiatu chekundu bila hata kusita. Akaingiza wa pili. Akasimama, akapiga hatua mbili za madaha kuelekea kioo.

Katikati ya hatua ya tatu akasimama. Tabasamu likamwisha usoni.

Maana yeye na dada yake walikuwa wakiazimana viatu tangu utotoni. Mguu mmoja, kipimo kimoja. Shemeji aliinua macho kwenye msumari, akaona vumbi jekundu, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Vya dada," alinong'ona.

Saa ya ukutani, ambayo Fundi aliitundika kwa ajili ya wateja wenye haraka, ilisikika kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kumbe," alisema Tarishi.

"Nisikilize..."

"Sitapiga kelele, Fundi, usiogope. Nina swali moja tu, na unijibu bila kuzunguka. Binadamu ana mapenzi ya kweli mangapi?"

Fundi alijipangusa mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. "Yule sikumwacha," alisema polepole. "Hakuna siku niliyomwacha. Alikufa tu."

"Na mimi?"

"Na wewe nakupenda."

"Hayo ni mawili."

"Ni mawili."

"Na la kweli ni lipi?"

"Yote. Kila mguu una kalibu yake. Ukichonga ya pili, ya kwanza haipungui."

"Maneno mazuri hayo," alisema Tarishi. "Lakini umechonga ya pili, halafu viatu umeshonea ile ya kwanza."

Fundi akazitazama tena kalibu za kwenye msumari. Na mimi msimulizi nikiri, hata ningekuwa yeye nisingekuwa na jibu.

Tarishi aliinama, akaanza kuvaa viatu vyake vya kazi, vile vilivyokwisha upande. Alizungumza huku akifunga kamba, hakumtazama mtu.

"Mimi pia nilimpenda mtu. Unajua. Aliniacha, sasa anaishi mtaa wa tatu kutoka kwangu, na kila mwezi nampelekea barua zake mlangoni, anatia saini, ananiambia ahsante. Nikajiambia lile halikuwa penzi. Sisi tulioachwa ndivyo tunavyofanya, tunalikana la zamani ili jipya lipate nafasi. Wewe huna la kukana. Wako alikufa akikupenda. Mimi nitashindana vipi na mtu asiyeweza tena kukuudhi?"

"Sijakuambia ushindane."

"Mdomo haujaniambia. Mkono umeniambia."

Akasimama, akatupa mkoba begani, bega la kushoto. "Sikutaka kuwa wa kwanza, Fundi. Wa kwanza keshapita. Nilitaka tu nisiwe mgeni ndani ya mguu wa mtu mwingine."

Shemeji alikuwa amekwisha vua viatu vile haraka kama vimemuunguza. Tarishi akavichukua, akavirudisha kwenye boksi, akalitia boksi kwenye mkoba wake.

"Utavifanyia nini?" aliuliza Fundi. "Havikuingii."

"Kazi yangu unaijua," alisema Tarishi. "Jumamosi saa nne. Nitakuja, au sitakuja. Na usinifuate."

Akatoka. Fundi akasikiliza hatua zake zikishuka barabarani, kisigino cha kulia kikilia kwa nje, mpaka zikapotea kwenye kelele za mchana.

Sasa, msomaji wangu, unadhani Shemeji alifurahi? Subiri.

Alikaa kwenye stuli ileile aliyoiacha Tarishi. Hakushika ufagio. Kisha akasema kama mtu anayesoma tangazo:

"Sema ni mimi."

"Nini?"

"Mwambie ni mimi niliyebadilisha. Kila Alhamisi nafagia hapa, nashusha kila kitu, nafuta, napandisha. Mwambie wiki iliyopita nilizitia za dada kwenye kitambaa, za kwake nikazitundika msumarini, ukashonea za kwenye kitambaa bila kujua... vyovyote vile. Utajua mwenyewe namna ya kulipanga. Kosa la mfagiaji. Atakusamehe kabla ya jua kuzama."

"Lakini si wewe."

"Na nani atajua?"

Fundi alifikiri. Msimcheke. Mtu aliyekaa miaka saba peke yake, akaonjeshwa siku chache za mluzi, halafu akaambiwa kuna uongo mdogo wa kumrudishia mluzi wake, hufikiri. Nawe ungefikiri. Alifikiri mpaka akajiona anatikisa kichwa kukubali, ndipo akashtuka.

"Kwa nini unataka kunibebea?"

"Kwa sababu nimechoka kukuona unakula umesimama."

Ni kweli. Tangu mkewe afe, Fundi hakuwahi kula ameketi. Chumbani kwake juu ya karakana kuna meza yenye viti viwili, na akikaa kwenye kimoja, kile kingine humtazama. Kwa hiyo hula amesimama dirishani, sahani mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakujua kama kuna mtu aliyewahi kuliona hilo.

"Na wewe utapata nini?" aliuliza.

Shemeji akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Shemeji, miaka saba nafagia chumba hiki. Nyumba yangu iko ng'ambo ya pili ya mji, navuka mji mzima na ufagio kwapani. Ulidhani nafuata vumbi?"

Fundi akaitazama sakafu.

"Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," aliendelea Shemeji. "Mimi nimekohoa miaka saba, hukusikia. Sikulaumu. Ulikuwa na majonzi ya dada, na mimi nilikuwa nayo, nikasema yapungue kwanza. Yalipopungua akaingia mtu mwingine kupitia mlango huuhuu, na viatu vilivyokwisha upande. Leo nimewasikiliza mnahesabiana. Wewe unayo mawili, yeye ana moja alilolikana na moja analoliogopa. Mimi hata hilo moja sijapewa, lakini shati nimepiga pasi."

Alinyanyuka, akalitundika shati kwenye mlango wa kabati, akalinyoosha kola ambayo haikuhitaji kunyooshwa.

"Shemeji..." alianza Fundi.

Akaishia hapo. Neno lisilosemwa kwa wakati wake huoza. Shemeji alisubiri kidogo, si sana, kisha akavaa ndala zake akaondoka. Ilikuwa Alhamisi ya kwanza katika miaka saba ambayo karakana ile haikufagiwa.

Jioni hiyo Fundi alipanda chumbani, akafungua redio ili kuwe na sauti, akachukua sahani, akaenda dirishani. Akatazama viti viwili. Akajiambia: leo nitakaa. Akavuta kiti, akakaa, akatazama kile cha pili, na machozi yakamtoka hapohapo juu ya chakula, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu. Alimlilia mkewe. Kisha akagundua kwamba anamlilia Tarishi. Kisha hakujua tena ni yupi, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwa sababu kilio kilikuwa kimoja.

Ijumaa alfajiri alifungua droo.

Akazitoa kalibu za Tarishi kwenye kitambaa, ile ya kushoto yenye kinundu pembeni mwa kidole kidogo, ambacho alikipima mara tatu ili ngozi isimwume. Ngozi nyekundu ilikuwa imebaki ya kutosha, kwa kuwa Fundi hununua ngozi kwa uchoyo wa mafundi wote. Akakata. Akachoma matundu kwa msharasi. Akavuta uzi. Kazi ya siku tatu aliifanya kwa siku moja, na safari hii hakupiga mluzi. Kila alipotaka kunyoosha mkono aliutazama kwanza unakwenda wapi.

Kulipofika magharibi jozi ilikuwa tayari, mshono uleule, kisigino kilekile, ila kipimo cha mwenyewe. Ndipo akafanya jambo ambalo alikuwa hajalifikiri. Alichukua nyundo, akapigilia msumari wa pili ukutani, kando ya ule wa kwanza, akazitundika kalibu za Tarishi hapo. Za marehemu hakuzigusa. Akasimama akazitazama zote nne, akazima taa.

Jumamosi.

Ofisi ya msajili wa ndoa ina benchi moja refu kwenye ukumbi, feni isiyozunguka, na kalenda ambayo hakuna aliyeigeuza kwa miezi miwili. Fundi alifika saa tatu na robo, shati jeupe mwilini, boksi magotini. Bibi harusi mmoja kijana aliyeketi jirani yake alimwonea huruma.

"Baba, unamsubiri binti yako?"

"Namsubiri mchumba wangu."

"Ooh," alisema yule binti, akatazama pembeni, akajifanya kurekebisha maua.

Saa nne ikafika. Ikapita. Saa nne na robo, binti wa maua akaingia na bwana wake, wakatoka wameoana, wakapigiwa vigelegele ngazi nzima. Saa nne na nusu Fundi akabaki peke yake kwenye benchi. Alianza kuzisoma upya tarehe za kalenda. Alikuwa amefika tarehe kumi na tisa aliposikia viatu kwenye ngazi.

Jozi mbili.

Ya kwanza aliijua papo hapo, kisigino cha kulia kinalia kwa nje. Lakini ya pili ilikuwa soli mpya, ngumu, ambazo hazijazoea ardhi. Na soli zile alizishona kwa mkono wake.

Tarishi akatokea kwanza, amevaa gauni la rangi ya maziwa, na chini yake viatu vyake chakavu vya kazi. Nyuma yake alikuwa Shemeji, gauni la kijani, macho chini. Miguuni alikuwa amevaa vile viatu vyekundu.

Fundi akainuka.

"Nimechelewa," alisema Tarishi. "Jana jioni nilikuwa na kifurushi cha kufikisha. Kilikuja kwangu kwa makosa, na kazi yangu ni kumpa mtu kilicho chake. Nikakivusha mji mzima mpaka kwa mwenyewe."

Shemeji akazidi kuinama.

"Na mwenyewe aliponifungulia mlango," aliendelea Tarishi, "akaniambia jambo. Akaniambia ni yeye aliyezibadilisha kalibu akifagia. Amelia, ameapa, ameniomba nimsamehe. Sasa naomba nisikie kwako, Fundi. Ni kweli?"

Shemeji aliinua uso. Macho yake yalimwambia Fundi wazi kabisa: sema ndiyo. Sema ndiyo, mlango wa msajili ule pale, mambo yamekwisha.

Neno moja tu. Herufi tano.

"Si kweli," alisema Fundi.

Shemeji akafumba macho.

"Ni mkono wangu. Sikuwa na huzuni siku ile, Tarishi, nilikuwa na furaha. Miaka ishirini na miwili kila nilipofurahi mkono ulikwenda kwenye msumari ule. Ulikuwa haujui njia nyingine. Siwezi kukuambia sikumpenda, wala siwezi kukuambia nimemwacha. Jana nimepigilia msumari wa pili. Ndicho kitu pekee nilichokuwa na uwezo wa kukifanya."

Akamkabidhi boksi. Tarishi aliketi kwenye benchi, akafungua kamba za viatu vyake vya kazi, akavivua. Akaingiza mguu wa kushoto, wenye kinundu. Ukaingia. Akaingiza wa kulia. Akatembea hatua nne ukumbini, akageuka, akarudi, na kwa mara ya kwanza tangu Fundi amjue, kisigino chake cha kulia hakikulia kwa nje.

"Vimeingia," alisema Fundi.

"Vimeingia. Lakini kuingia si kukubali." Akamwelekezea Shemeji kidevu. "Na huyu? Aliyekuwa tayari kuitwa mharibifu ili wewe upate mke. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

"Najua kwa nini. Aliniambia Alhamisi, ulipoondoka."

"Ukamjibu nini?"

Fundi akamtazama Shemeji.

"Fundi. Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

Na hapo, wasomaji wangu, hasira ambayo Tarishi hakuitoa siku ya viatu, ikatoka sasa. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Miaka kumi na sita napeleka barua," alisema. "Najua mtu anayesubiri jibu anavyoonekana akifungua mlango. Anatazama mikono yako kabla ya uso wako. Jana nilipogonga kwake, ndivyo alivyonitazama. Alitazama mikono yangu. Alidhani umemtumia neno. Na mimi nilikuwa nimembebea viatu vya marehemu."

"Tarishi, yaache," alisema Shemeji. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya ngozi nyekundu na hakuyafuta. "Mimi nimekuja kutia saini tu. Shahidi ndiye mimi."

"Mtu anaweza kuwa na mapenzi mawili ya kweli, Fundi," alisema Tarishi. "Nimefikiri siku mbili, nimekubali. Nimekubali kabisa. Ila ukishakubali mawili, nani atakuambia uishie hapo? Na nani atamwambia huyu kwamba lake si la kweli, kwa kuwa tu lilikaa kimya?"

Mlango wa msajili ukafunguka.

"Wa saa nne!" Alikuwa mzee mwenye miwani iliyoshuka puani na kalamu sikioni. "Saa nne imekuwa saa tano, jamani, nina watu wengine. Ingieni, ingieni nyote!"

Wakaingia. Mtu akiitwa kwa sauti ya ofisi huingia kwanza, mengine baadaye. Fundi alisimama mbele ya meza. Nyuma yake, bega kwa bega, wakasimama wanawake wawili.

Msajili alifungua daftari lake kubwa, akalamba kidole, akatafuta ukurasa. Akamtazama Fundi na shati lake jeupe, akaridhika. Kisha akatazama nyuma yake. Akatazama gauni la rangi ya maziwa na macho makavu. Akatazama gauni la kijani na macho yenye machozi, kama yalivyo ya maharusi wengi. Akateremsha macho mpaka miguuni, akaona jozi mbili za viatu vyekundu, vipya, mshono mmoja, kisigino kimoja.

Akaiweka kalamu chini.

"Nimefanya kazi hii miaka thelathini," alisema, "na hili sijapata kuliona. Bibi harusi ni yupi?"

Fundi alifungua kinywa. Jina la Tarishi lilikuwa tayari ulimini, naapa lilikuwa tayari, na bado halikutoka. Safari hii hakujua limezuiwa na nini. Aliinamisha kichwa, akatazama mikono yake miwili iliyokuwa juu ya meza ya msajili, akasubiri.

Akasikia mtu akipiga hatua mbele.

Hakugeuka. Hakuhitaji kugeuka. Ilikuwa hatua nyepesi, inayogusa ardhi kwa vidole kabla ya kisigino, hatua iliyokuwa ikishuka ngazi za nyumbani kwake kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili, na ambayo masikio yake yalikuwa hayajaisikia tangu mazishi.

Ni vile viatu vidogo, miguuni mwa Shemeji, vilivyosogea mbele. Na Tarishi hakuvizuia.